Propileni Glikoli: Kiyeyushi cha Losheni na Sumu Inayofanana Nacho

Nyuma ya chupa ya losheni viungo huorodheshwa kwa herufi ndogo, kile kilicho kingi kikitangulia. Maji ndiyo huanza mara nyingi. Mistari michache chini yake hutokea jina ambalo wengi hulipita: Propylene Glycol. Limo pia kwenye jeli ya nywele, deodoranti, dawa ya meno na hata aiskrimu. Wachache wanaolisoma huingiwa na hofu, kwa kuwa zimesambaa habari kwamba hicho ndicho kipozeo kinachomiminwa kwenye rejeta za magari.

Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imeelekezwa pasipo pake.

Propileni glikoli ni kimiminika kizito kiasi, kisicho na rangi wala harufu, chenye utamu wa mbali. Hutengenezwa viwandani, hasa kutokana na mafuta ya petroli. Huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi na huchanganyika na maji kwa kiwango chochote. Thamani yake kwa mtengenezaji wa vipodozi ni kwamba huyeyusha vitu ambavyo maji huvikataa: manukato, rangi, baadhi ya vihifadhi na dawa. Bila kiyeyushi cha aina hiyo, manukato yangeelea juu ya losheni na rangi ingetuama chini ya chupa. Zaidi ya hapo huvuta unyevu na kuushikilia, ndiyo maana ngozi iliyopakwa huwa laini na losheni yenyewe haikauki upesi mdomoni mwa chupa.

Kazi nyingine ni kuisaidia dawa kupenya ngozini. Minoksidili ya maji, ile ambayo vijana wengi hupaka kidevuni wakitafuta ndevu, kwa kawaida huyeyushwa ndani ya propileni glikoli. Anayewashwa na kubabuka baada ya kuipaka mara nyingi huilaumu dawa, kumbe huenda anayemsumbua ni kiyeyushi. Madaktari wa ngozi huwahamishia wagonjwa wa namna hiyo kwenye minoksidili ya povu, ambayo haina propileni glikoli.

Mzio wa propileni glikoli upo, ingawa si wa wengi. Kati ya watu wanaopimwa mzio wa ngozi kwenye kliniki za Amerika Kaskazini, wapatao 2 hadi 4 kwa kila 100 huonyesha dalili dhidi yake, na mwaka 2018 chama cha wataalamu wa mzio wa ngozi nchini Marekani kilikitaja kuwa kizio cha mwaka. Mwenye ukurutu ana sababu ya kuwa makini zaidi, maana kiungo hiki kimo hata katika baadhi ya krimu anazoandikiwa kutibu ukurutu huohuo. Ngozi inapozidi kuwaka badala ya kupoa, orodha ya viungo isomwe na daktari aulizwe.

Kwa mtu mwingine mwenye ngozi nzima, hakuna sababu ya hofu. Propileni glikoli ikiingia mwilini, sehemu yake hutoka kwa mkojo na iliyobaki hugeuzwa na ini kuwa asidi ya laktiki, ambayo misuli huizalisha kila siku mtu anapokimbia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa viungo vya chakula wameruhusu hadi miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Tahadhari inawahusu watoto wachanga, ambao miili yao huiondoa polepole, wagonjwa wa figo au ini, na wenye majeraha makubwa ya moto, kwa sababu ngozi iliyoungua hupitisha mengi.

Sumu ya kweli iko kwa ndugu zake wawili. Ethilini glikoli, ile ya rejeta, hugeuka mwilini kuwa asidi ya oksaliki, na asidi hiyo hufanya fuwele zinazoziba figo. Diethilini glikoli nayo huua figo. Zote mbili ni rahisi kuliko propileni glikoli, na zikiwa ndani ya dumu jicho haliwezi kuzitofautisha nayo. Hapo ndipo tamaa ya faida hupata mlango.

Mwaka 1937 kiwanda kimoja cha Marekani kiliyeyusha dawa ya salfa kwa diethilini glikoli. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Msiba huo ulizaa sheria ya 1938 iliyoweka vipodozi pia chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 2007 mteja mmoja nchini Panama alisoma lebo ya dawa ya meno iliyotoka China, akaona diethilini glikoli imeandikwa waziwazi. Akatoa taarifa, na nchi nyingi zikaiondoa madukani. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 wa Gambia walifariki baada ya kunywa dawa za kikohozi zenye sumu hizo, na Indonesia ikazika takriban watoto 200, baada ya kemikali ya viwandani kuuzwa kwa lebo ya propileni glikoli.

Somo hili linawagusa moja kwa moja akina mama na vijana wa Afrika Mashariki wanaotengeneza losheni na jeli nyumbani. Wengi hununua glisirini na glikoli zilizopunguzwa kutoka kwenye mapipa, zikiwa ndani ya vidumu visivyo na jina la kiwanda wala tarehe. Bei ya chini kupita kawaida iwape shaka. Wadai glikoli ya daraja la dawa au vipodozi, iliyofungwa kiwandani, yenye namba ya toleo na cheti cha maabara. Tanzania ilikabidhi usimamizi wa vipodozi kwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, nako ndiko pa kuuliza kabla ya kuingiza bidhaa sokoni. Katika cheti watazame mstari mmoja kwanza: ethilini glikoli na diethilini glikoli zisizidi asilimia 0.1. Muuzaji asiyeweza kuonyesha cheti hicho asinunuliwe.