Usanisi na Usafishaji wa Aspirini: Maandalizi ya Mwanafunzi Kabla ya Kuingia Maabarani

Aghalabu mwanafunzi wa kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, hushindwa na jaribio kabla hajagusa chupa. Mwongozo amekuwa nao siku kadhaa, lakini ameusoma mlangoni pa maabara, tena mbiombio. Saa tatu baadaye ana unga mweupe asioweza kueleza ni nini. Makala haya yanadhamiria kueleza maandalizi yanayofaa kutangulia jaribio moja lifanywalo katika vyuo vingi, usanisi wa aspirini, na kuonyesha kwamba sehemu ya maandalizi hayo ni kazi ya lugha.

Neno usanisi si geni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani ndilo lililozaa usanisinuru wa vitabu vya biolojia. Katika jaribio hili, asidi ya salisiliki humenyuka pamoja na anhidridi ya asetiki, huku matone machache ya asidi ya salfuriki yakiwa kichocheo. Huzaliwa aspirini, na kando yake asidi ya siki, ambayo harufu yake haimfichiki yeyote aliyewahi kutengeneza kachumbari. Charles Gerhardt aliunda msombo huu mwaka wa 1853, ila haukuwa safi. Ni mwaka wa 1897 ambapo Felix Hoffmann, katika kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, aliupata ukiwa safi. Usafishaji, basi, si mkia wa kazi hii.

Maandalizi huanzia daftarini. Mwanafunzi huandika mlingano wa mmenyuko, kisha hukokotoa. Moli moja ya asidi ya salisiliki ina gramu 138.12, na ya aspirini gramu 180.16, kwa hiyo gramu 2.0 za asidi hiyo haziwezi kutoa zaidi ya gramu 2.61 za aspirini. Anhidridi hutiwa kwa ziada, mathalan mililita 5, ili asidi yote ipate wa kumenyuka naye. Anayejua hesabu hii mapema hatashangilia mizani ikimwonyesha gramu 3.4. Atajua kuwa anapima maji.

Tahadhari nazo huandikwa pamoja na sababu zake, kwa maana amri isiyo na sababu husahaulika upesi. Anhidridi ya asetiki huunguza ngozi na mvuke wake huwasha macho na koo, ndiyo maana humiminwa ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu, mwanafunzi akiwa amevaa miwani ya kinga na glavu. Mmenyuko ukiisha, anhidridi iliyobaki huharibiwa kwa maji, nayo hutoa joto jingi. Maji hayo hutiwa tone kwa tone. Ethanoli hushika moto kwa wepesi, hivyo hupashwa joto ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya mwali.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika mazungumzo ya kila siku, wengi husema sukari imeyeyuka katika chai kama wasemavyo barafu imeyeyuka juani. Maabarani mambo hayo mawili hayana budi kutenganishwa. Barafu huyeyuka: ni joto peke yake linaloigeuza kuwa kioevu. Sukari humumunyuka: huhitaji kioevu kingine cha kuipokea. Kiswahili kina vitenzi vyote viwili, na istilahi nyingi za fani hii zilikusanywa katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1990. Upungufu, kwa hakika, ni wa matumizi. Mwanafunzi anayeandika kuyeyuka kwa yote mawili hukanganya kanuni mbili zinazotawala siku yake nzima.

Kanuni ya kwanza ni ya kufuwelisha upya. Aspirini chafu humumunyuka vizuri katika ethanoli ya moto na vibaya katika mchanganyiko baridi wa ethanoli na maji. Basi humumunywa katika ethanoli ya moto kidogo kabisa inayotosha, huongezwa maji ya uvuguvugu, kisha huachwa ipoe. Fuwele hujijenga chembe kwa chembe zikiuacha uchafu ndani ya kioevu. Wengi huharibu hapa kwa papara: huitumbukiza chupa katika barafu ingali moto, fuwele zikajijenga haraka na kuufungia uchafu ndani. Barafu huja mwisho, chupa ikishapoa yenyewe. Hatimaye fuwele huchujwa, huoshwa kwa maji baridi kidogo, nazo hukaushwa.

Kanuni ya pili ni ya kuyeyuka, na hutumiwa kupima usafi. Aspirini safi huyeyuka kwenye takriban nyuzi 135 hadi 136 za selsiasi. Iliyochanganyika na uchafu huanza kuyeyuka chini ya hapo, na huchukua nyuzi kadhaa kumaliza. Kipimo kingine ni tone la kloridi ya chuma (III): rangi ya zambarau ikitokea, asidi ya salisiliki ingalimo. Katika daftari lililoandaliwa vyema, nafasi za majibu haya mawili huwa zimeachwa wazi tangu usiku wa kuamkia jaribio, na kando ya kila nafasi pameandikwa la kufanya iwapo jibu litakuwa baya: kurudi kwenye ethanoli ya moto na kuanza upya.