Je, Wajua? Kiwavi wa Nta na Maradhi ya Kuvu

Mfuga nyuki wa pande za Goma, afunguapo mzinga uliodhoofika na kuikuta nta imetobolewa na kufumwa nyuzi kama utando wa buibui, humlaani kiwavi wa nondo wa nta, wala hadhani kwamba hasimu huyo, katika maabara, ni msaidizi azizi wa elimu ya tiba. Mwaka 2005 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza jinsi walivyomdunga sindano ya kuvu iitwayo kriptokoka, ile iletayo homa ya uti wa mgongo na kuwaua wengi wenye UKIMWI katika Afrika yetu. Fadhila kubwa ya kiwavi huyo ni kwamba hustahimili nyuzi 37 za Selsiasi, ambazo ndizo joto la mwili wa binadamu, na damu yake ina chembe zinazomeza vijidudu, mithili ya chembe zetu nyeupe. Maradhi yamzidipo, ngozi yake huwa nyeusi. Hivyo, kwa siku chache tu, mtafiti ampaye dawa huona dalili kama yafaa. Lakini kwa kuwa kiwavi hatengenezi kingamwili kama zetu za kupambana na maradhi, panya wa maabara bado wahitajika.