Mgonjwa Asilale Upande Mmoja

Mara nyingi, tukienda hospitalini kuwatazama wagonjwa, twamkuta mtu aliyepooza, au mzee aliyevunjika nyonga, amelala chali tangu asubuhi. Jamaa zake wamempikia na kumfulia, lakini waogopa kumgusa. Wasema: «Mwacheni apumzike.» Baada ya siku chache harufu mbaya yatoka kitandani, na nyama ya mgongoni imeoza. Hapo watu wasema kwamba ugonjwa umezidi. Sivyo! Kidonda hicho kimeletwa na kulala bila kugeuzwa.

Sababu ni hii. Penye mfupa ulio karibu na ngozi, kama makalioni, nyongani, visiginoni na kisogoni, uzito wa mwili wabana nyama kati ya mfupa na kitanda. Damu haipiti, na nyama isiyopata damu hufa, pengine kwa saa chache tu. Mtu mwenye afya hujigeuza hata usingizini. Aliyepooza hawezi, na pengine hasikii maumivu.

Mwaka 1944 mganga Ludwig Guttmann alianza kuwatunza huko Stoke Mandeville, Uingereza, askari walioumia uti wa mgongo vitani. Zamani hizo wengi wa namna hiyo walikufa kwa vidonda hivyo na kwa magonjwa ya njia ya mkojo. Yeye alitaka wageuzwe kila baada ya muda wa saa mbili, mchana na usiku. Wengi walipona vidonda. Na mwaka 1948 waliopooza walishindana huko kupiga mishale, wameketi katika viti vya magurudumu.

Basi, sisi tufanyeje? Kwanza tumwulize mwuguzi namna ya kumgeuza, hasa kama mfupa umevunjika. Kisha tupeane zamu: upande wa kuume, chali, upande wa kushoto. Tumwinue, tusimburute, maana shuka huchubua ngozi. Tuweke mto chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Akilowa mkojo, tumsafishe na kumkausha upesi. Tumpe maharagi, mayai au samaki, ili mwili upate nguvu ya kujijenga. Na mwenye kuketi kitini mchana kutwa ajiinue mara kwa mara.

Kila siku tutazame ngozi yake. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vema. Kwa hiyo tupapase kwa mkono. Mahali penye joto, pagumu au palaini kuliko kando yake, tusimlaze tena juu yake, wala tusipasugue. Ngozi ikichubuka, tumwite mwuguzi siku hiyo hiyo. Dawa gani itaponya kidonda ambacho mgonjwa angali akikilalia?

Ndugu wasomaji, kazi hii haidai fedha nyingi. Yadai mikono miwili, na mtu aliye tayari kuamka usiku.