Je, Wajua? Damu, Malezi na Mkono wa Kushoto

JE, WAJUA kwamba neno "tabia" katika Kiarabu, lilikotoka, lina maana ya maumbile, yaani kile ambacho mtu huzaliwa nacho? Waswahili tumelipanua. Tunasema "mtoto ameanza tabia mbaya", kama kwamba kaiokota njiani. Kesho yake tunasema "mwache, ndiyo tabia yake", kama kwamba haiondoki. Barazani mzee mmoja atakwambia mwana wa nyoka ni nyoka, na aliyekaa naye jamvi moja atajibu: samaki mkunje angali mbichi.

JE, WAJUA kwamba mtoto mchanga hulia kwa lafudhi ya mama yake? Mwaka 2009 Kathleen Wermke na wenzake walitoa matokeo ya kurekodi vilio vya watoto 60 wa siku chache tu, nusu Wafaransa, nusu Wajerumani. Kilio cha Wafaransa kilipanda kuelekea mwisho. Cha Wajerumani kilianza juu kikashuka. Ndivyo zinavyopanda na kushuka lugha za mama zao, ambazo walikuwa wakizisikia tangu tumboni. Kumbe darasa la kwanza hufunguliwa kabla ya mkunga kuitwa.

JE, WAJUA kwamba kipofu wa kuzaliwa hutabasamu kama mwenye kuona? Katika mashindano ya judo ya Paralimpiki ya Athens, 2004, walipigwa picha wachezaji ambao hawajawahi kuona uso wa mtu. Walioshindwa kwenye fainali, wakati wa kupewa medali, walitoa lile tabasamu la midomo tu, la kuficha uchungu, sawasawa na wachezaji wenye macho. Hilo hawakuliiga kwa yeyote.

JE, WAJUA kuhusu shimo la Kokwet? Hapa nataka tukae kidogo. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa kizungu waliandika kwamba mtoto wa Kiafrika huwahi kukaa na kutembea, na wapo waliosema ni damu tu. Miaka ya 1970 Mmarekani Charles Super akaenda Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya, akatazama akina mama wanafanya nini. Mama huchimba kishimo cha kina kifupi ardhini, humkalisha mtoto ndani, humzungushia blanketi mgongoni na ubavuni asianguke, kisha humwacha ajizoeze. Miguu ikipata nguvu, hushikwa mikono akatembezwa, kila siku. Watoto hao waliwatangulia wa Marekani kwa kama mwezi mmoja katika kukaa na kutembea. Lakini katika kutambaa, ambako hapo kijijini hakuna aliyewafundisha, hawakuwatangulia. Damu ingekuwa ndiyo sababu, ingewahisha na kutambaa pia. Wale mama walikuwa walimu, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahesabu hivyo.

JE, WAJUA kwamba subira pia hulelewa? Bettina Lamm na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2018, waliwapa watoto wa miaka minne kitu kitamu, wakawaambia: ukingoja bila kula, utapata cha pili. Kisha mtoto aliachwa peke yake kwa dakika 10. Kwa watoto wa Kijerumani, waliongoja hawakufika hata watatu kati ya 10. Kwa watoto wa wakulima wa Kinso wa Kameruni, waliowekewa andazi la kwao, kama saba kati ya 10 walingoja. Wajerumani walijinyonganyonga, wakazungumza peke yao, wakageuka huku na huku. Wanso walikaa kimya, na wengine wakasinzia mbele ya andazi! Nyumbani kwao mtoto hufundishwa mapema kutuliza hisia na kuwasikiliza wakubwa.

JE, WAJUA habari za akina Jim wawili? Walizaliwa pacha wa kufanana huko Ohio, Marekani, wakatenganishwa wakiwa na wiki chache. Walipokutana mwaka 1979, wakiwa na miaka 39, ilionekana kila mmoja alioa Linda, akamwacha, akaoa Betty. Kila mmoja aliwahi kufuga mbwa aitwaye Toy. Magazeti yalisherehekea. Mimi nasema tupunguze mwendo: hakuna jeni la kumwoa Betty. Walikulia jimbo moja, miaka ileile, ambapo majina hayo yalijaa kila mtaa.

Ushahidi mzito uko kwingine. Mwaka 2015 zilijumlishwa tafiti za pacha za miaka 50, jozi zaidi ya milioni 14. Kwa wastani, karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu, asilimia 49, ilihusishwa na urithi. Ni nusu ya tofauti kati ya watu. Haina maana kwamba nusu yako wewe ni ya damu na nusu ni ya malezi.

JE, WAJUA kwamba hata cha kurithi hubadilika? Urefu ni wa kurithi kwa kiasi kikubwa sana. Hata hivyo, wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa 1996 ni warefu kwa takriban sentimita 20 kuliko waliozaliwa 1896. Jeni haziendi mbio hivyo. Kilichobadilika ni chakula na afya.

JE, WAJUA kwamba kufuga ng'ombe kumebadili damu? Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wengi wa wafugaji wa Tanzania na Kenya wana badiliko la jeni linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani bila tumbo kuvurugika, na si lile la Wazungu. Desturi ilitangulia, damu ikafuata.

JE, WAJUA kwamba kauli ya "amezaliwa hivyo" iliwahi kuwa sheria? Francis Galton, binamu wa Charles Darwin, ndiye aliyeanza kuchunguza pacha kwa ajili ya swali hili katika miaka ya 1870. Mwaka 1883 akaipa jina fikra ya kuchagua nani azae. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu watu walioitwa wapungufu wa akili wafungwe kizazi kwa lazima. Waliofanyiwa hivyo nchini humo wanazidi 60,000. Wengi walikuwa maskini tu.

JE, WAJUA kwamba mkono wa kushoto huchaguliwa tumboni? Peter Hepper alifuatilia watoto 75 ambao picha za ultrasaundi ziliwaonyesha wakinyonya kidole gumba kabla ya kuzaliwa. Wote 60 walionyonya cha kulia walikuja kutumia mkono wa kulia. Kati ya 15 walionyonya cha kushoto, 10 walikuwa wa kushoto.

Darasani kwetu alikuwapo msichana wa kushoto. Kila alipohamisha kalamu, rula ilishuka kwenye vifundo vya vidole, na mwalimu akisema anamtoa ukaidi. Alijifunza kuandika kwa kulia, herufi zikitetemeka, na akaacha kunyoosha mkono kujibu maswali. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu, na mtoto huishika kwa kuelekezwa kwa upole. Kalamu ni jambo jingine.

Mwalimu unayesoma safu hii, kati ya kila watoto 10 ulionao, yupo kama mmoja wa namna hiyo. Mwonyeshe jinsi ya kugeuza daftari kidogo, sehemu ya juu ya daftari ielekee kulia, apate kuona anachoandika. Kisha mwache aandike.