Fahamu: Sanamu ya Kihindu inavyosomwa

Mjini Zanzibar, ukivuka Darajani kutoka Ng'ambo na kupenya vichochoro hadi Hurumzi, utakuta hekalu la Shiv Shakti: mungu Shiva na nguvu yake ya kike. Sanamu za Kihindu ni kama kanga, zina jina la kuzitambulisha, nalo mara nyingi ni mnyama anayepandwa na mungu huyo. Shiva ana fahali Nandi, mkuki wa ncha tatu na jicho la tatu kipajini. Mungu wa kike Durga hupanda simba, ana mikono mingi yenye silaha. Ganesha mwenye kichwa cha tembo, hata mtoto hamkosei. Kipando chake, ajabu, ni panya.

Simba wa mtindo wa Kihindi, kama yule wa Durga, ni mwenyeji wa zamani katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko Shanga, kisiwani Pate, Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua kisimba cha shaba cha karne ya 11 hivi, katika mji wenye misikiti.