Kijana ni injinia na anataka Ujerumani: soma hapa kabla ya kuuza shamba

Tangu Septemba 2024 wazazi wamekuwa wakija ofisini na swali moja: "Ni kweli Ujerumani wanachukua mainjinia?" Mama mmoja alikuja na hati ya shamba mkononi. Wakala alikuwa amemwambia ati kijana wake ametengewa nafasi, alipe haraka kabla haijachukuliwa na mwingine. Swali lake ni la haki, kwa hivyo wacha tulijibu polepole.

Kwanza, makubaliano yenyewe. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin makubaliano kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi, na pia kuhusu kuwarudisha wale wasio na kibali cha kukaa. Habari zikaenea ati nafasi 250,000 ziko tayari. Serikali ya Ujerumani ilikanusha ikasema makubaliano hayana idadi yoyote. Basi hakuna nafasi iliyotengwa kwa jina la mtu, na kitu kisichokuwako hakiuzwi.

Je, mainjinia wanatakiwa kwa nini? Mwaka 2022, Urusi ilipovamia Ukraine, gesi na umeme vilipanda bei sana na viwanda vya Ujerumani vikaumia. Mwaka 2023 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 26.5 ifikapo 2030, ikilinganishwa na mwaka 2008. Kwa hivyo kuna kazi kwa wanaotafiti jinsi ya kutengeneza bidhaa ile ile kwa nishati kidogo.

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, kwa mfano, kina kiwanda cha utafiti kiitwacho ETA-Fabrik, kilichofunguliwa mwaka 2016. Humo mashine za kukata chuma, za kuosha vipuri na tanuri zimeunganishwa, na joto linalotoka kwa moja linatumika kwa nyingine au kupasha jengo. Ni kama vile mama anavyotenga maji ya kuoga kwenye makaa yaliyobaki baada ya ugali kuiva.

Sasa, injinia wa kazi kama hiyo anaingiaje? Njia kubwa ni mbili.

1. Njia ya mtafiti. Chuo au taasisi ya utafiti huandikiana na mtafiti mkataba wa kumpokea, unaoonyesha atatafiti nini. Mkataba huo ndio anaoupeleka ubalozini kuomba viza. Ni lazima awe na shahada inayomruhusu kuendelea na masomo ya uzamivu.

2. Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya. Hii ni ya mwenye shahada aliyepata mwajiri. Mkataba wa kazi uwe wa miezi 6 au zaidi, kazi ilingane na masomo yake, na mshahara ufikie kima kilichowekwa. Kwa kazi zenye upungufu wa watu, uhandisi ukiwemo, kima cha mwaka 2025 kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya kodi. Hubadilishwa kila Januari. Baada ya miezi 27 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu akiwa amelipa michango ya uzeeni na anajua Kijerumani cha mwanzo. Akikijua vizuri zaidi, hadi kiwango cha B1, ni miezi 21.

Mapema kabisa, kijana aangalie kama chuo chake na shahada yake vinatambuliwa. Kuna orodha kwenye intaneti iitwayo anabin. Shahada isipopatikana humo, ofisi iitwayo ZAB, iliyoko Bonn, huilinganisha na ya kwao na kutoa cheti. Mwenye shahada ya kwanza tu na anataka utafiti, aulize kuhusu udhamini wa masomo katika ofisi ya DAAD iliyoko Nairobi.

Upande wa pesa, sikilizeni vizuri. Vyuo hutangaza nafasi za utafiti vyenyewe na kuomba hakulipiwi. Ada ya viza ya kazi ni euro 75 na hulipwa wakati wa kuomba viza, si kwa wakala. Mtu akijiita wakala, ulizeni kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tena aonyeshe jina la mwajiri, na kijana amwandikie mwajiri huyo yeye mwenyewe kuthibitisha. Wakala akikasirika kwa kuulizwa, hilo ni jibu tosha.

Yule mama alirudi nyumbani na hati yake. Kijana naye alianza na kazi ya bure: kuitafuta shahada yake katika ile orodha. Mpaka awe na mkataba wenye jina lake na kazi yake, hati ya shamba na ikae sandukuni.