Presha ya Macho Baada ya Kupandikizwa Konea

Tarehe 7 Desemba 1905, mjini Olomouc, katika nchi ya Cheki ya leo, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea kibarua aliyepofushwa na chokaa. Jicho moja liliona tena. Upasuaji huo umeendelea sana tangu hapo, lakini adui mmoja angali akiuandama: glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho.

Konea ni utando angavu ulio mbele ya mboni. Nyuma yake mna maji yanayotengenezwa bila kukoma, nayo hutoka kupitia vichujio vyembamba vilivyo pembeni, mahali konea ikutanapo na sehemu ya jicho yenye rangi. Shinikizo la kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Njia hiyo ikizibwa na makovu au uvimbe wa baada ya upasuaji, shinikizo hupanda na kuidhuru neva ipelekayo picha kwenye ubongo.

Ajabu ni kwamba hata dawa yaweza kuleta madhara hayo. Mwili hukiona kipandikizi kuwa kitu kigeni, kwa hiyo mgonjwa hutiwa matone ya steroidi kwa miezi mingi ili kisikataliwe. Kwa baadhi ya watu matone hayo hayo huzuia maji kutoka. Yakiachwa, konea huenda ikafa. Yakiendelea, neva huenda ikafa. Na hasara hizi mbili hazilingani: konea yaweza kupandikizwa tena, bali neva iliyokufa hairudi.

Kupima nako kuna mashaka yake. Kipimo cha Goldmann hukadiria shinikizo kwa kuibonyeza konea, na konea iliyoshonwa, ikiwa nene au imepinda, hutoa jibu lisilo sahihi. Hapana budi daktari aitazame pia neva yenyewe, tena mara kwa mara.

Tiba huanza kwa kubadili steroidi kali kwa iliyo nyepesi, pamoja na matone ya kupunguza maji kama timololi, ambayo haimfai mwenye pumu. Yasipotosha, daktari hutoboa njia mpya ya maji au huweka kijibomba. Lakini kijibomba kikiikaribia mno konea huua seli zake za ndani, ambazo kwa binadamu hazizaliani upya.

Mgonjwa aonaye vizuri hudhani amepona, akaacha kurudi kliniki. Glakoma hii mara nyingi haiumi. Humega uoni kuanzia pembeni, na konea mpya yaweza kubaki angavu kabisa huku mwenyewe akipofuka.